Kaskazi Haina Nguvu za Farasi: Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Vibali

Mheshimiwa Mkuu,
Ofisi ya Vibali vya Vyombo,
Unguja.

YAH: MTU NA MKEWE KUTEMBEA BAHARINI BILA SABABU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, msimu huu wa Kaskazi mimi na mke wangu tulitweka tanga la ngalawa yetu hapa Nungwi tukashuka na pwani ya magharibi. Tulipita Tumbatu, tukalala Mkokotoni kwa shemeji, tukaendelea hadi Mjini na Fumba. Hatukubeba mtalii, hatukuvua, hatukuuza kitu. Tulikuwa na kikapu cha mikate ya mofa na samaki wa kukaanga, na tulivimaliza wenyewe. Tulikwenda kupunga upepo tu, na hapo ndipo ofisi yako ilipopata kazi.

Fomu yako ina visanduku vitatu: uvuvi, utalii, mizigo. Mke wangu aliuliza watu kama sisi watie alama wapi. Afisa wako alifikiri, akasema utalii. Tulipotia, akataka pasipoti na jina la hoteli. Tukahamia uvuvi, akataka nyavu. Palipobaki mizigo, alikitazama kikapu, akamtazama mke wangu, kisha kwa busara kubwa akanyamaza.

Penye “nguvu za injini” tuliandika: Kaskazi. Akaturudishia fomu, eti iandikwe kwa tarakimu.

Likaja suala la nahodha. Usukani wa ngalawa yetu anaushika mke wangu, maana babu yake alikuwa nahodha wa majahazi ya boriti, na wangu alikuwa fundi cherehani. Afisa akaandika jina langu bila kuuliza. Tangu siku hiyo, kila demani inaponiponyoka mkononi, bibi huyu huniita Nahodha wa Serikali.

Kibali hatimaye kilitoka: kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mwisho saa kumi na mbili jioni. Mheshimiwa, nani amfikishie Kaskazi waraka huu? Upepo huo unavuma kuelekea kusini msimu mzima. Kurudi Nungwi kwa tanga ni kwenda joshi, kupiga bisho huku na huku mchana kutwa, ukitazama mnara ule ule ambao hausogei. Vyombo vya Oman na Hadhramaut vilikuja huku na Kaskazi na kurejea makwao na Kusi, karne kwa karne, na mabaharia wao walingoja mjini miezi kadhaa upepo ugeuke. Wangekuta ofisi yako imeshafunguliwa, biashara ya Bahari ya Hindi ingeishia kwenye faini ya kuchelewa.

Njiani maji yalitoka, tukalazimika kutia nanga mbele ya hoteli moja kungoja yajae. Mlinzi akatufuata kwa mbio: ufuo ni wa wageni. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha kubwa ya ngalawa yenye tanga jeupe. Mke wangu alimuuliza ile pichani ina kibali cha saa ngapi. Kijana wa watu alicheka, lakini hakuturuhusu kukanyaga mchanga.

Usidhani tunadharau ukaguzi. Sisi ni watu wa Nungwi. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama mkondo wa huku kwetu ikienda Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mamia walikufa, na baadhi yao tulisoma nao. Kwa hiyo tulingoja kwa hamu afisa wako aulize tuna jaketi okozi ngapi. Hakuuliza. Hakuuliza kama ngalawa inavuja, wala kama tunajua kuogelea. Aliuliza cheti cha ndoa.

Tunaomba, basi, mambo mawili. Ongeza kisanduku cha nne kwenye fomu, kiitwe “matembezi”, ili mwana wa kisiwa asilazimike kujifanya mgeni ndipo aruhusiwe kuiona bahari yake. Na mwagize afisa wako aanze na jaketi okozi, kwenye ngalawa na kwenye meli vilevile. Cheti cha ndoa anaweza kukiuliza mwisho, akipata nafasi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mume na mke, Nungwi