Hongera kwa Kujifungia Nje

Hongera wewe uliyefunguliwa barua pepe na fundi simu wa Kariakoo. Nywila alitunga yeye, namba ya kurejeshea akaweka yake, nawe ukasema "asante kaka" ukaondoka zako. Leo akaunti imejifunga, nayo inakujibu kwa adabu zote: tumekutumia msimbo kwenye barua pepe yako. Ipi? Hiyohiyo isiyofunguka!

Fundi mwenyewe laini ile aliitupa kitambo, na kampuni ya simu imeshamgawia mteja mwingine. Huyo sasa ndiye anayepokea misimbo yako, na ana haki ya kujiuliza wewe ni nani.

Na usidhani kuna mjumbe wa nyumba kumi wa kukuandikia barua ya utambulisho. Kitambulisho cha NIDA unacho, dole gumba unalo, jina la mama unalikumbuka. Mashine haina habari nawe. Ukichelewa zaidi, kumbuka kuwa tangu Desemba 2023 Google hufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka 2 bila kutumika.

Usihofu, mabingwa wa "kurejesha akaunti" wamejaa mtandaoni. Tuma ada kidogo tu kwa simu. Kurudi watarudi, tena upesi: kudai ada ya pili.

Wewe ambaye bado umo ndani, acha kumcheka mwenzio. Weka namba yako mwenyewe, chukua misimbo 10 ya akiba ambayo Google hutoa bure kwa anayewasha uthibitishaji wa hatua mbili, iandike daftarini. Fanya leo, fundi ana wateja wengine.