Mjomba, Hamsini kwa Mia Haitoshi

Dundee, Uskochi

Mjomba mpendwa, pamoja na wote wa safu ya viatu pale soko la Toi,

Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo tangu Novemba siyahisi tena ila nikipita kwenye kioo nayaona bado yapo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale mwuza madondo alipoingilia kati kudai deni lake. Nimeelewa hivi: chama kimepata ploti ya kukodi Kawangware, hamsini kwa mia, na wanachama wamepiga kura pawe mahali pa mazoezi ya gofu. Na kwa kuwa mimi wikendi nafanya kibarua kwenye uwanja wa mazoezi huku, nimeteuliwa kuwa mshauri. Malipo ya mshauri hayakutajwa. Ukimya huo nimeusikia vizuri sana.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, maana najua huko nimeshapandishwa cheo. Shangazi ametangaza kanisani kwamba niko "upande wa usimamizi wa gofu." Mjomba, mimi naokota mipira. Naendesha kigari kilichozungushiwa wavu wa chuma, kinachosukuma safu ya sahani nyembamba. Sahani zinabana mipira iliyolala kwenye nyasi na kuitupa vikapuni. Wateja wamewekewa bendera za kulenga, mabango ya umbali, hata pipa kuukuu. Vyote hivyo hulengwa mpaka mimi nitokee. Nikitokea tu, watu wazima wenye wajukuu wanaweka simu chini, wanapanga miguu, wananilenga mimi. Mzee mmoja mstaafu, ambaye sijawahi kuona mpira wake ukienda alikoutuma, alinipata barabara kwenye mlango, na wenzake wakamshangilia kama kafunga bao uwanja wa Nyayo. Nikampungia mkono. Hiyo ndiyo huduma kwa wateja.

Shangazi aliuliza kama ni kweli watu wanalipia mipira kisha wanaiacha majanini na kurudi nyumbani mikono mitupu. Ni kweli. Kikapu cha mipira 50 ni pauni 6, nanyi kugeuza pesa mnajua. Wanasimama kwenye vibanda vyenye paa, kichwani wamewashiwa hita, wanapiga mpaka kikapu kinaisha, wananunua kingine. Siku ukungu wa bahari unapoingia huoni hata bendera ya karibu, lakini wanapiga vilevile, kisha wananyamaza kidogo kusikiliza umeangukia wapi.

Sasa ushauri. Nimekaa ndani ya kile kigari nikiwatazama watu hawa, na nikienda kwenye viwanja vingine natazama pia, nikaona tofauti ni moja: uwanja mbaya hukusifu. Mengine yote yanafuata hapo.

Anza na mkeka. Wateja wetu hupigia kwenye nyasi bandia zilizolazwa juu ya zege. Kwenye nyasi za kweli, ukikosea ukagonga ardhi kabla ya mpira, fimbo inachimba, udongo unaruka, mpira unajikokota hatua chache na kedi wako anatazama kando. Wewe umebeba mifuko ya wachezaji pale klabu ya Royal miaka mingi, unajua namna ya kutazama kando. Kwenye mkeka, fimbo ikitua nyuma ya mpira haichimbi. Inadunda, inateleza, inaukuta mpira na kuurusha vizuri tu, na mpigaji anageuka kuona nani amemwona. Mkeka, Mjomba, ni kile kioo cha jirani yako wa suruali, kilichoinamishwa kidogo ili kila anayejaribu atoke mrefu na mwembamba. Ukweli mteja anaukuta nyumbani. Tena zege halina huruma: wanaopiga kikapu juu ya kikapu ndio hao hao wanaokuja kuniuliza duka la dawa liko wapi, wameshika kiwiko.

Viwanja vyenye pesa vina sehemu ya nyasi hai, na mtunzaji anahamisha kamba kila mara ili mahali palipochimbwa papone. Huku baridi ikishika nyasi hazioti, kwa hiyo mkeka hauepukiki. Basi angalau uwe mnene na laini chini.

Uongo wa pili ni bango. Linasema 150, lakini kutoka wapi? Pale ninapofanya kazi mtaro ulifurika, bango la 150 likang'olewa na kusimikwa mahali pakavu, karibu kidogo na vibanda, na hakuna aliyechukua kamba kupima. Tangu hapo wateja wetu wote wamepata nguvu mpya. Mmoja ameacha nyama akidhani ni mboga zilizomsaidia.

Mipira nayo. Mpira halali hauzidi gramu 45.93 wala kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, na vile vijishimo vyake ndivyo vinavyoushika hewani. Yetu imepigwa mpaka vijishimo vimeanza kufutika, na kuna viwanja vinavyonunua kwa makusudi mipira isiyoenda mbali, isije ikaruka ua. Huo ni uongo wa upande wa pili, wa kukukatisha tamaa, lakini kwa mfanyabiashara una faida: mtu akidhani amedhoofika ananunua kikapu kingine.

Halafu jua. Huku Desemba linazama kama saa tisa na nusu alasiri, na Juni linafika saa nne za usiku bila haya. Mtu akijenga vibanda vinavyotazama machweo, wateja wake watapiga wamefumba macho. Kawangware mko karibu na ikweta, jua ni la mashariki na magharibi tu, kwa hiyo wapigaji watazame kaskazini au kusini. Hili ni bure, halihitaji mchango wa chama.

Mjomba, nafasi ikipatikana mimi napanda basi namba 99 linavuka daraja la mto Tay mpaka St Andrews, mji ambao gofu kwao ni kama dini. Ule uwanja wao mkongwe, Old Course, ambao watu wanatoka Japani na Marekani kuja kuucheza, Jumapili hufungwa kwa gofu, isipokuwa kukiwa na mashindano makubwa. Wenyeji wanaingia na mbwa, na vigari vya watoto, wanapunga upepo katikati ya uwanja. Mimi pia nimepita. Nilikuwa nimejiandaa kueleza ninatafuta nini, lakini hakuna aliyeuliza. Kwetu sivyo: sisi wa Toi tumekulia kwa mwendo wa miguu kutoka Royal, klabu iliyoanza 1906 na kupewa hilo jina la kifalme mwaka 1935, na gofu tunayoijua ni ile ya kubeba mfuko wa mtu.

Lakini kilichonishika St Andrews ni kiwanja kidogo pembeni wanachokiita Himalayas. Ni nyasi fupi zenye vilima na mabonde, za kusukumia mpira shimoni tu. Chama cha wanawake cha kule kiliundwa 1867, wakati ambapo mwanamke kuinua fimbo juu ya bega kulionekana si adabu, basi wakapewa kasehemu ka kusukuma mpira taratibu. Mpaka leo wapo, na mtu yeyote analipa pauni chache, anapewa fimbo na mpira, anaingia. Nilimwona bibi wa makamo ya bibi yetu akiwafunga vijana watatu waliovaa kama matangazo ya biashara. Mpira wake ulipanda kilima, ukasita, ukageuka kushoto, ukashuka peke yake mpaka shimoni, naye alikuwa ameshaanza kutafuta miwani yake mkobani. Hakuna mkeka pale, hakuna bango. Kilima hakina habari wewe ni nani.

Ndipo nilipopata jibu la ploti yenu. Hamsini kwa mia ni futi, yaani mita 15 kwa 30 hivi. Mpigaji wa kawaida tu akiushika vizuri mpira unakwenda mita 200. Kutoka Kawangware, ukielekea mashariki, utatua Lavington, na utatua juu ya kioo cha gari ambalo chama chetu hakiwezi kulilipia hata taa ya nyuma. Mnaweza kufunga wavu, lakini wavu nao ni msifu mkubwa: mpira unakwama hatua chache mbele, na kila mtu anaruhusiwa kuwaza kwamba ungefika Naivasha. Wekeni wavu mmoja pembeni kwa ajili ya mapato. Sehemu kubwa iwe ya mpira mfupi.

Na si kwamba nawapa makombo. Uwanja wa mapigo 72 umehesabiwa mapigo 36 ya kusukuma mpira kwenye nyasi za shimo, mawili kila shimo. Nusu ya mchezo mzima inaenea kwenye ploti yenu, na wateja wetu huku hawaigusi, wamebanana kwenye mikeka wakitafuta nguvu.

Nyasi za shimo ni gharama, najua, zinataka maji, na maji ya Kawangware tunayajua. Tumieni mchanga. Viwanja vingi vya zamani vya Afrika vilikuwa na mchanga uliotiwa mafuta badala ya nyasi, unaburuzwa ukawa laini baada ya kila kundi kupita. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinisimulia Seve Ballesteros alivyoshinda Kenya Open mwaka 1978. Yule Mhispania alijifunzia ufukweni Pedreña na fimbo moja ya chuma, namba 3. Kwenye mchanga ukigonga nyuma ya mpira hata kidogo, hauendi popote. Ufukwe hamna, lakini lori moja la mchanga wa ujenzi linapatikana.

Kitu kimoja wataalamu watawaambia: mwendo wa mpira mahali pa mazoezi ufanane na mwendo wake kwenye uwanja wenyewe, la sivyo unajifunza kupika kwenye jiko usilolimiliki. Kuna kifaa cha kupimia. Mmarekani Edward Stimpson alikibuni mwaka 1935 baada ya kuona, kwenye mashindano kule Oakmont, mpira ukiteleza bila kusimama. Siku hizi ni kipande cha alumini chenye mfereji. Unaweka mpira juu, unauinua taratibu mpaka mpira uanguke wenyewe, halafu unapima umekwenda futi ngapi. Mtu mzima amepiga magoti anapima mwendo wa majani, na wenzake wamesimama kimya. Makedi wetu wanaujua mwendo huo kwa nyayo. Waajirini hao kabla ya mtu yeyote mwenye cheti.

Na chakula, Mjomba. Ndugu wawili Waingereza walifungua kituo Watford mwaka 2000, wakatia chipu ndani ya kila mpira ili mashine ihesabu alama, wakaongeza meza na vinywaji, na leo watu wasiojua kushika fimbo wanapanga foleni. Chipu siwezi kuwatumia. Ila mwuza madondo mpeni kona, deni lake liwe kodi.

Mkitaka kumshawishi katibu, ambaye najua anasema gofu ni ya wazungu, mwambieni kwamba wenyewe waliipiga marufuku. Mwaka 1457 Bunge la Mfalme James wa Pili wa Uskochi liliamuru gofu na kandanda zikomeshwe, kila kanisa liwe na mahali pa kulenga mishale, na kila mwanamume arushe angalau mishale sita siku ya Jumapili. Asiyefika atozwe faini, na faini iwe ya pombe kwa waliofika. Katibu atapenda hicho kipengele cha mwisho, msimpe nafasi akiweke kwenye katiba yetu.

Kabla hamjamwaga mchanga, pandeni matatu ya Ngong Road mpaka uwanja wa farasi, pale Golf Park, mwangalie wenzenu wamepanga vipi. Nendeni watu wawili, msiende chama kizima na mabegi.

Kuhusu mikeka mikuukuu uliyoomba nikufungie kwenye robota: mwenye uwanja amekubali kuitoa bure, lakini mmoja una uzito kama wangu na mzigo wa meli unagharimu kuliko kodi ya ploti. Nitakutumia viatu. Wateja wanavisahau, hawavirudii, vile vijino vya chini unajua kuving'oa, na mabawabu wa Kilimani watavipenda kwa usiku wa mvua. Na lile gunia la glavu ulilonunua Krismasi, ukazikuta zote za mkono wa kushoto, ukataka kumpeleka mtu polisi: hukuibiwa. Anayecheza kwa mkono wa kulia huvaa glavu moja tu, ya kushoto. Zitoe chini ya meza, ploti ikifunguliwa zina bei.

Nasikia pia mweka hazina ameshachapisha fulana zenye simba anayepiga mpira. Mwambie asimamishe matumizi mpaka mchanga ufike. Kama ameshalipa, yangu iwe ya mikono mirefu, saizi kubwa, ipite juu ya masweta mawili.

Mpwa wako