Kutembea kwa Risiti

Lushoto, mji wa milima ya Usambara, Wilhelmstal ya enzi za Wajerumani, kutembea kwa miguu siku hizi ni bidhaa. Mgeni analipia mwongoza watalii amfikishe kwenye genge la Irente, fimbo mbili mkononi, buti mpaka kwenye vifundo. Njiani anapishana na mama wa Kisambaa, tenga la kabichi kichwani, kandambili miguuni, anawahi soko. Huyo halipwi wala halipi. Anapigwa picha tu. Sisi wa Dar es Salaam ndio kiboko: gari mpaka karibu na ukingo, selfi moja, mkonge wa Mazinde ukionekana kule chini, kisha tunatangaza, "Nimeipanda Usambara!" Basi ukikutana na yule mama, mwamkie na umpishe. Yeye ana haraka. Wewe uko likizo.