Panda Mchicha, Mnazi Usiguse

Nyumbani kwangu hapa Msambweni siku hizi hakuna taka. Sijisifu, nalalamika. Maganda ya ndizi hayatupwi, majivu hayamwagwi, na yale machicha ya nazi ambayo kuku wangu walikuwa wakiyasubiri mlangoni kama wanawarsha wanaosubiri posho, sasa yana mwenyewe. Mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyerudi na stashahada ya kilimo na nia ya kuwa mkulima. Si bwana shamba wa pikipiki ya serikali, la. Mkulima wa jembe, tena wa kilimo endelevu.

Dada yangu alilia. Ndoto yake ilikuwa mtoto apate kazi kwenye machimbo ya titani. Machimbo yenyewe yakafungwa Desemba 2024, miaka 11 tu baada ya kuanza, mchanga wenye mali ulipokwisha. Babu yake naye alikuwa mtu wa kiwanda cha sukari cha Ramisi, nacho kikafungwa 1988. Basi kijana akatujibu: "Mjomba, huku kwetu kila ajira ina siku yake ya kufungwa. Mimi nataka kazi ambayo ardhi haitachoka kabla yangu." Maneno matamu. Ningeyapigia makofi lau hayakufuatwa na ombi la ardhi.

Kwangu alikuja kwa hoja ya mila. Zamani sisi Wadigo mtu alirithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada, si mwanawe wa kumzaa. Kisha Uislamu ukashika mizizi, mahakama nazo zikaja, na sasa mtoto anamrithi babake. Lakini kijana akiwa na shida ya ardhi, ghafla huwa bingwa wa mila. Nikamwambia hayo yalikwisha zamani. Akanijibu kwa heshima zote kwamba kitu kizuri hufaa kuendelezwa.

Akaanza na lundo la mboji nyuma ya jiko. Chini vijiti, halafu majani makavu, samadi ya mbuzi, majivu, mabaki ya jikoni na udongo kidogo, kisha anaanza upya, tabaka juu ya tabaka, na maji juu. Katikati amechomeka kijiti kirefu. Asubuhi, chai sijaigusa, naitwa. Anakichomoa kile kijiti na kunishikisha. Kikiwa cha moto, mboji inaiva. Mtu mzima mimi, na kanzu yangu, nasimama nyuma ya jiko nimeshika kijiti kinachofuka mvuke wa zizini, huku naulizwa, "Umesikia, mjomba?" Nimesikia. Na majirani pia wamesikia.

Kisha akakosana na mke wangu juu ya makumbi ya nazi. Mke wangu anayataka mekoni, kijana anataka kuyatandaza shambani yahifadhi unyevu. Siku hizo sima ilikuwa inasongwa kwa hasira.

Soko nalo lina vituko vyake. Diani si mbali, hoteli zimejipanga ufuoni, na wageni wanapenda saladi. Kijana akapeleka pilipili hoho zake kwa mnunuzi wa hoteli moja. Akaambiwa kwanza zilingane ukubwa, pili malipo ni baada ya miezi mitatu. Wakati huohuo mboga zinatoka bara kwa lori, zinapita soko la Kongowea, zinavuka feri ya Likoni, zinafika zimechoka kuliko dereva, na hizo ndizo zinazopokewa kwa tabasamu. Wateja wasio na masharti wamebaki tumbili na nyani. Hao hawaulizi ukubwa. Hoho ikiwa ndogo, wanachukua mbili.

Yote hayo yanavumilika. Lililonichefua ni kikao cha ukoo. Shamba la ukoo lipo, limelala vichaka miaka nenda miaka rudi. Wazee wakakohoa, wakashauriana, wakamruhusu: lima mahindi, panda kunde, panda mchicha, lakini mti usipande. Mnazi usiguse, mkorosho usiguse, mwembe usiutaje.

Sababu kila mtu wa Pwani anaijua. Zao la msimu ni mgeni, litaondoka. Mti ni shahidi. Huku kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na kesi zake hurithiwa pamoja na minazi. Ndiyo maana mzee wa ukoo akiona mche wa mnazi mkononi mwa kijana hushtuka kuliko akiona nyoka.

Sasa niambieni, kilimo endelevu bila mti ni kilimo gani? Alichosomea kijana ni kuchanganya: minazi juu, mikorosho kando, kunde chini, mbuzi zizini, na kila kimoja kimlishe mwenzake. Mnazi wetu mrefu hukaa miaka sita au saba ndipo uzae. Udongo nao haunoni kwa masika moja. Na ukishanona, mwenye shamba hukumbuka ana mtoto Mombasa anayetaka kulima. Nani atasukuma samadi mkokoteni kwa mkokoteni kwenye ardhi atakayonyang'anywa? Mwenye akili atatia mbolea ya dukani, avune upesi, ajiondokee. Kisha tukae barazani tuseme vijana hawana subira!

Tazameni hapo Gazi. Niliposikia wanauza hewa, nilidhani ni mzaha. Kumbe watu wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule. Lakini mradi ule ulipangwa kwa miaka 20, si kwa masika moja. Wanavijiji wameaminiwa wakakabidhiwa msitu wa serikali kwa miaka 20. Sisi mtoto wa dada yetu hatumwamini hata kwa mnazi mmoja.

Kwa hiyo wazee wenzangu, punguzeni hotuba za "vijana rudini shambani" kwenye harusi na matanga. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi: ardhi ni yenu, miti ni yake, na muda uwe wa kutosha mnazi kuzaa na mpandaji kula. Mimi kipande changu cha nyuma ya jiko nimeshamwandikia, na wanangu wakinuna wanune. Nawe uliye na eka zilizolala, kama huwezi hata hilo, usimhubirie kijana wa mtu habari za kilimo.