Faida ya Jasho la Bure

Kasenyi, kijiji cha Uganda kando ya Ziwa George, kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Mti haukatwi ovyo. Kwa hiyo anayegeuza mapenzi ya randa kuwa biashara ya familia hununua mbao, pengine zilizovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, pamoja na misumari na gundi. Vyote vina bei, isipokuwa mke anayepiga msasa na watoto wanaopaka vanishi: hao ni familia, na ujira wao huhesabiwa faida ya baba. Mtasema wanakula chungu kimoja, ujira wa nini? Hoja nzuri, ila chungu hicho hukumbukwa siku ya hasara tu, kila mmoja anapopunguziwa tonge kwa haki kamili.