Mkaguzi wa Miaka Minne

Fedheha hii haizoeleki, ingawa wanaowasomea watoto vitabu usiku huipata karibu kila wiki. Mtu mzima, mwenye cheti cha ndoa na namba ya mlipakodi, amechoka. Kitabu kina kurasa 24 na yeye yuko ukurasa wa 9. Anafunua karatasi mbili kwa mpigo, kwa ufundi wa mcheza karata, bila sauti kutetereka: sungura alikuwa kisimani, sasa yuko juu ya mti, hadithi inasonga. Mara mkono mdogo unatua juu ya kitabu. “Hujasoma pale fisi analia.” Anayesema hayo ana miaka minne. Hajui a wala e. Asubuhi alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na akatembea nacho mpaka mchana. Huyo ndiye aliyemkamata mzazi wake akiiba, tena na kidhibiti kipo, kwa sababu fisi anayelia bado amebanwa chini ya dole gumba la mtuhumiwa.

Nashikilia kwamba aibu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwasomea watoto kwa sauti, na kwamba faida tunazohubiriwa kila siku, za msamiati na ufaulu, huingilia mlango huo huo. Tazama ukaguzi wenyewe unavyofanyika. Mtoto hasomi herufi, ila anatunza madaftari matatu. La kwanza ni la picha: kila picha ina maneno yake kama bidhaa na risiti, na picha ikipita bila maneno hesabu haifungi. La pili ni la mdundo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sentensi iliyosomwa usiku kumi huwa na mwendo wake. Neno likidondoka, sentensi huchechemea na sikio hulijua hilo kabla akili haijauliza. La tatu ni la muda. Mtoto anajua kwamba fisi akianza kulia, amri ya kulala bado iko mbali, na daftari hili hulilinda kuliko yote. Wala kazi hii haingoji miaka minne. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wajawazito walisoma kwa sauti kifungu kimoja cha hadithi, kila siku, katika majuma sita ya mwisho. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu bandia iliyounganishwa na mtambo, ambayo mwendo wa kunyonya uliamua sauti gani isikike. Walinyonya kwa namna ya kukileta kifungu walichokizoea, hata kiliposomwa na mwanamke asiye mama yao. Yaani mkaguzi anaanza kufungua majalada akiwa bado tumboni, na sisi tunadhani tutamlaghai akiwa na meno.

Hata ule ukaidi wa kudai kitabu kile kile kila usiku una mantiki. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake huko Uingereza waliwagawa watoto wa miaka mitatu: wengine walisomewa hadithi zile zile kwa kurudia, wengine hadithi tofauti, lakini maneno mapya yalikuwa yale yale na yalitajwa mara zile zile. Waliorudiwa hadithi ndio walioyashika zaidi. Lakini pamoja na maneno, mtoto anapata jambo kubwa zaidi. Katika mambo mengine yote ya nyumbani, mkubwa ana haki kwa sababu ni mkubwa. Uji ukiambiwa hauna moto, hauna moto. Mbele ya kitabu kuna shahidi wa tatu asiyejali umri wa mtu: kilichoandikwa jana ndicho kilichoandikwa leo, awe amekishika baba, shangazi au mgeni. Mtoto aliyelijua hilo mapema ataijua vizuri risiti, mkataba wa nyumba na hati ya kiwanja atakapokua, na hatakubali kusomewa katiba kwa kurukwa kurasa.

Wapo watakaosema bibi zetu hawakuhitaji kitabu. Ilitosha paukwa na pakawa, na hadithi ikakolea. Ni kweli, na sitaki kumpunguzia bibi hata ukoko wa chungu chake. Ila bibi alikuwa na mamlaka ambayo msomaji hana: Jumatatu fisi alikufa, Ijumaa akafufuka kwa sababu usingizi wa wajukuu ulichelewa, na hakuna aliyekata rufaa. Kwake tulijifunza kubuni, na kwa kitabu tunajifunza kudai, na mtoto anahitaji yote mawili. Isitoshe, bibi yuko Korogwe na wajukuu wako Mbagala, na bando huisha kabla fisi hajafa. Wengine watasema simu inaweza kusoma. Inaweza, tena haichoki wala hairuki ukurasa, na hapo ndipo inaposhindwa: mtoto hana wa kumkamata. Kuna fedheha nyingine ambazo simu haitakaa izipate. Haitasinzia katikati ya sentensi na kumfanya sungura amwambie tembo awasilishe stakabadhi kabla ya Ijumaa. Haitalia kama chura mbele ya mkutubi. Haitarudisha kitabu chenye pembe iliyotafunwa.

Pingamizi moja tu linanishinda kucheka nalo: vitabu vitoke wapi? Maktaba ndiyo jibu, na ni jibu la ajabu. Mpango wa namba ambao Melvil Dewey aliuchapisha mwaka 1876 unaziweka hadithi za jadi kwenye 398, hatua chache baada ya 395, ambayo ni ya adabu. Sungura, mwizi wa visima vya wenzake, amepangishwa jirani na kanuni za kula mezani, na mtoto anaweza kuondoka na vyote viwili siku moja. Lakini lazima kwanza afike. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na ina sehemu ya watoto. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 katika mkoa huo. Mzazi wa pembezoni mwenye watoto watatu anapiga hesabu ya nauli ya wanne, kwenda na kurudi, halafu anahesabu tena ya siku ya kurudisha vitabu, na sungura anabaki kwenye rafu yake. Kununua nako kuna mzigo wake: kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2013 ya kodi ya ongezeko la thamani ilikitwisha kitabu asilimia 16. Kisha tunakaa kwenye makongamano na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma.

Kitabu cha maktaba kilichosomwa sana hujieleza chenyewe. Kurasa za picha zina alama za vidole na uji, ila upo mmoja, wenye maneno mengi, safi kuliko nyingine: hapo ndipo wazazi wa nyumba nyingi walipojaribu kuruka. Ningefurahi kukiona kitabu cha namna hiyo katika kila shule. Badala yake, shule nyingi zina kabati la ofisini, kufuli kubwa, na vitabu vya hadithi vilivyofungiwa ndani ili visichafuke. Humo kurasa zote ni safi. Watoto wameziruka zote bila kosa lolote, na fisi hajapata hata nafasi ya kulia.