Jinsi ya Kushindwa na Mlima Bila Kumpoteza Rafiki

Umealikwa kukimbia. Rafiki yako wa Kawangware atakupitia Kibera Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Mtashuka Lindi hadi karibu na Nairobi Dam, mpande hadi Ngong Road, mmalizie kwake. Ulikubali kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza. Usijilaumu, nifuate mimi.

1. Ijumaa pita soko la Toi ununue raba za mtumba zilizolika soli. Raba mpya zitakuchongea kabla hujapiga hatua. Zilizolika zinasema umetoka mbali, na hakuna atakayeuliza aliyezichakaza ni nani.

2. Anza polepole kupita kiasi. Akinung'unika, mwambie ndivyo wanavyoanza wakimbiaji wa Iten. Ni kweli: hata wenye medali huanza mbio zao nyepesi kwa mwendo ambao mtu wa mjini angeuonea haya. Baadaye wao huongeza. Hilo usilitaje.

3. Sasa mlima wenyewe. Kutoka bondeni kupanda Laini Saba, njia ni nyembamba, mabati huku na huku, mtaro katikati, na asubuhi hiyo kila mtu yuko safarini. Hii ni neema. Adabu inakutaka upishe, basi pisha. Mpishe mama mwenye mtungi wa lita 20. Mpishe kijana wa mkokoteni, na ukiweza msukumie kidogo, maana mwenye kusukuma mkokoteni haulizwi mbona hakimbii. Salimia kila mlango: "Habari ya asubuhi, mama?" Salamu moja ni pumzi mbili, na akikuuliza ya nyumbani, ni tano.

Rafiki yako akizidi kukuacha, mrushie swali refu. Kama ni shabiki wa soka wa Gor Mahia, muulize kocha gani aliwafaa zaidi. Kama ni wa AFC Leopards, muulize timu iliharibikia wapi. Atajibu kwa moyo wote huku anapanda, na anayepanda akieleza hawezi kukimbia sana. Wewe itikia "mmh" tu. Pumzi ni yako, itunze.

4. Ukifika reli, pendekeza muifuate kipande. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo walioijenga reli waliitafutia njia ya taratibu. Mlima umeshadanganywa na wahandisi, tumia kazi yao. Ila masikio yawe wazi: honi ikilia, toka. Hapo hakuna ujanja.

5. Usisingizie kuteguka mguu. Utalazimika kuchechemea mpaka Jumatatu, tena mguu uleule.

6. Mkifika Ngong Road na miguu ikagoma, mwambie atangulie, kisha panda matatu ya 111 hadi Dagoretti Corner. Shuka ujimwagie maji kichwani na mgongoni. Usiipuuze hatua hii. Katika marathoni ya Nairobi ya mwaka 2015, mwanamume mmoja alijichomeka mbioni karibu na mwisho akashika nafasi ya pili. Wenzake walikuwa wanatiririka jasho, yeye mkavu kama aliyetoka kanisani. Akafutwa kwenye matokeo.

Lakini ukimkuta amesimama hapo, mwanzo wa Naivasha Road, anakungoja, macho yakiwa kule unakotarajiwa kutokea, achana na maji. Mwambie ulipanda matatu. Rafiki anayekungoja kwenye baridi ya saa moja asubuhi hawezi kufanyiwa ujanja wa jasho, nami hapa simtanii mtu.

7. Kipande cha mwisho kimbieni pamoja, hata kama ni kwa kujikokota. Mkifika Kawangware, ingieni kibanda cha kwanza chenye mvuke, na chai na mandazi ulipe wewe. Anayelipa ndiye anayesimulia. Wakiuliza mmetoka wapi, vuta kiti karibu, anzia Lindi, na ukifika kwenye kile kilima sema "tulipanda".